Mikono ya Bwana Garside

Kuna asubuhi moja nikiikumbuka, mwanangu Kevin, hata vidole hivi vyangu vilivyopinda vinasisimka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, Mkenya peke yangu katika chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya kriketi kule Uingereza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimtazama Mzungu mmoja wa makamo akijifunga plasta vidoleni kabla ya mechi. Nilikuwa nikimtazama hivyo kila asubuhi tangu msimu uanze. Siku hiyo, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Unaomba kivunjike kipi?"

Nitakuambia nilichomjibu. Lakini kwanza tuzungumze habari za Ijumaa iliyopita, maana sikulala vizuri kwa ajili yako, na mtu wa umri wangu akikosa usingizi haoni aibu kumlaumu aliyemkosesha.

Tulikuwa kwenye ule uwanja wetu wa vumbi kule Umm Salal, nje ya Doha, jua bado halijakasirika. Imran, nahodha wenu, alikuja na yule kijana wa Uganda, Ssali, anayefua mashuka ya hoteli. Akakuomba umwonyeshe jinsi ya kukaa nyuma ya vijiti. Ukasema sawa, bhai, kama ndugu kwa ndugu. Ukampa glavu kuukuu, ukamwacha asimame wima mipira ikimpita chini ya mikono, nawe ukageuka kutazama ndege zikishuka. Uliona kosa lake tangu mpira wa kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekutoa kosa hilo hilo. Nilipokuvuta kando ukanijibu hivi: "Mzee wangu, si unajua hii Doha. Ukifunza mtu kazi, huyo ndiye anakutoa. Kwa duty yetu ya ulinzi pale Pearl hiyo story nimeiona sana. Huyu msee akishika, mimi ni benchi, imeisha, khalas."

Binti yangu alikuwa ameshapiga honi, nawe unajua muuguzi aliyetoka zamu hapendi kusubirishwa. Tukarudi nyumbani Al Thumama nikiwa nimenuna njia nzima, mpaka akaniuliza kama wamenifunga. Nikamwambia nimefungwa, ndiyo, na kijana wangu mwenyewe.

Najua kinachokuuma. Mwezi ujao Imran anapeleka timu kwenye mashindano, na yule tajiri anayewanunulia jezi amesema watakaong'ara atawatafutia kazi ya ofisini. Wewe umesimama getini na redio ya mkononi miaka, jua la huko unalijua kuliko wanaoliandika kwenye utabiri wa hali ya hewa. Unaitaka hiyo ofisi. Na mlinda wiketi ni mmoja tu katika timu. Sikulaumu kwa kuogopa. Ninachotaka ujue ni kwamba woga huo mimi niliulala na kuuamkia kabla hujazaliwa.

Utamsomea haya yule mwenzako wa chumbani ambaye kwake mchezo ni mpira wa miguu tu, basi nieleze kidogo. Katika kriketi kuna vijiti vitatu vilivyosimamishwa ardhini, na mbele yake yuko mpigaji na gongo lake. Mrushaji anarusha mpira akitaka kuviangusha. Mlinda wiketi anachutama nyuma ya vijiti amevaa glavu, adake kila kinachompita mpigaji. Anachutama na kuinuka tangu asubuhi hadi jioni, na mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe. Akidaka, hakuna anayepiga makofi. Akikosa, uwanja mzima unajua jina lake.

Kazi hiyo nililipwa kuifanya katika kaunti za Uingereza kwa misimu kumi na kitu. Ninaposema kaunti, usifikirie magavana na mabango ya barabarani. Kule kaunti ina timu yake, watu wameajiriwa kucheza, mechi moja inakwenda siku tatu, na mvua ikinyesha mnacheza karata mkinywa chai. Baba yangu alikuwa akitunza nyasi za klabu ya Wahindi pale Nairobi, mimi nikajifunzia hapo, na kocha mmoja aliyekuja kufundisha msimu mmoja akanipeleka kwao. Mama aliutangazia mtaa mzima. Hata muuza makaa alijua kwamba nimekwenda Ulaya kudaka mipira, ingawa hakuelewa kwa nini Wazungu hawaidaki wenyewe.

Nilipofika nikakuta kiti kina mwenyewe. Ndiye huyo Bwana Wilfred Garside. Kaunti hukaa na walinda wiketi wawili, mmoja anacheza na wa pili anamngoja. Mchezaji mwingine akikosa nafasi yake anaweza kusogezwa pembeni acheze kwingine. Mlinda wiketi hana pembeni. Ama umechutama nyuma ya vijiti, ama umeshika sinia unawapelekea wenzako vinywaji. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi wa tisa, na nilijua kwamba nisipocheza hata mechi moja katika timu ya kwanza sitaongezewa. Ningerudi kwa yule muuza makaa nimwambie nini?

Na Garside hakuwa mtu wa kukosa mechi. Akivunjika kidole alikifunga pamoja na jirani yake, akavaa glavu za ndani zilizoloweshwa maji, kisha zile kubwa, akaingia uwanjani. Mikono yake ilikuwa ya kutisha watoto. Ndiyo maana nilikuwa nikiitazama asubuhi. Nilisoma kila uvimbe. Na Jumapili, mimi mjukuu wa mzee wa kanisa, nilikuwa nikipiga magoti katika kanisa baridi la mji ule nikimwomba Mungu kidole kimoja tu, hata kile kidogo. Waliosema dua la kuku halimpati mwewe walijua wanachosema. Kadiri nilivyoomba ndivyo Garside alivyozidi kudaka.

Jambo lililonichanganya akili ni kwamba mtu huyo huyo alikuwa akinifundisha. Alinipangia nifike uwanjani kabla ya wengine wote. Nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi kulikuwa na ukuta wa matofali. Ananichutamisha nikiutazama ukuta, yeye anasimama nyuma yangu na kutupa mpira juu ya kichwa changu, unagonga tofali na kunirudia pasipotabirika. Tulifanya hivyo mpaka mapaja yakatetemeka. Kosa langu lilikuwa lile lile la Ssali. Mpira unapokuja mwili unataka kuinuka mapema, uwe tayari, uonekane. Ukiinuka mapema na mpira ukaja chini, unakupita, na huwezi kurudi chini kwa kasi kama ulivyopanda. Inuka pamoja na mpira unapodunda, usiinuke kabla yake. Garside hakujua kwamba kwetu tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini alinisomea methali hiyo kwa Kiingereza chake kila alfajiri: "Umeinuka. Umeinuka tena. Chini, kijana."

Wenzake walimcheka. Mmoja alimwambia mbele yangu kwamba anamnoa atakayemchinja. Mimi moyoni nikaona Mzungu huyu ni mjinga. Vijana tuna tabia hiyo, mtu akitufanyia wema tusioweza kuufanya sisi, tunamwita mjinga.

Basi ndiyo ikaja ile asubuhi. "Unaomba kivunjike kipi?"

Nikasema sijaelewa, bwana.

"Vidole vyangu," akasema, akiendelea kuzungusha plasta polepole. "Unavitazama kila siku. Usijali, nami niliwahi kuvitazama vya mwenzangu."

Akanieleza kwamba kabla yake kulikuwa na mlinda wiketi ambaye hakumfundisha hata neno moja. Glavu zake alikuwa akizibeba nyumbani ili asije akazigusa mtu. Garside akakaa akingoja mkono wa yule bwana uharibike, na kweli ukaharibika, akaitwa. "Nikaangusha mpira wa kwanza, na wa pili, na siku nzima watu wakanicheka," akasema. "Nafasi nilikuwa nayo. Mikono sikuwa nayo, kwa sababu miaka yote nilikuwa nikitazama ya mwenzangu. Usiombe nafasi yangu. Omba siku ikija isikukute umeinuka."

Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo napenda uaminifu wake. Akasema nafasi yenyewe hatanipa kwa hiari, ana mke na watoto, na atacheza mpaka abebwe. "Lakini kila ninachokijua ni chako, ukiwahi kuamka."

Uso ulikuwa unaniwaka. Nilichukua mpira nikaenda nyuma ya banda, nikachutama mbele ya ukuta peke yangu, na asubuhi zilizofuata sikumtazama tena mikono.

Ungependa sasa nikuambie kwamba Mungu akanilipa papo hapo. Hakunilipa. Garside alicheza msimu mzima. Mwezi wa tisa nikaitwa ofisini, nikashukuriwa kwa adabu, nikapewa mkono, na huo ndio ukawa mwisho wa mkataba wangu. Nilijifungia chooni nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilipotoka nikamkuta Garside amesimama mlangoni na koti lake, amenisubiri nimalize.

"Jumatatu panda treni uende kaunti ya pili, wanakungoja," akasema. "Mlinda wiketi wao amestaafu. Nimewapigia simu."

Kaunti ile ilikuwa mpinzani wetu wa jadi. Baadaye nilisikia kwamba nahodha wetu alimfokea Garside mbele ya watu, akimuuliza ni nani anayewapa silaha maadui. Yeye akajibu kwamba kijana amejifunza, sasa akadake wapi, ukutani? Mimi nilipofika kule kocha wao hakuniuliza habari za nchi yangu wala rangi yangu, na siku zile waliuliza sana. Alisema tu kwamba Wilf Garside amemwambia huyu anakaa chini. Akanipa glavu.

Hapo ndipo maisha yangu yalipoanza. Nikawa mlinda wiketi wa kwanza. Vidole vikaanza kuvunjika kimoja kimoja, nami nikavifunga kama nilivyofundishwa. Wanasema chanda chema huvikwa pete. Changu siku ya harusi pete ilikwama kwenye kifundo, mchungaji akaisukuma mpaka akatoa jasho, kanisa zima likiangua kicheko. Na hapa Doha, siku binti aliponipeleka kufanyiwa ikama, kile kibali cha kuishi, kijana wa alama za vidole alikibonyeza kidole changu kwenye kioo, kikakataa kulala. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa wake. Nikawaambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba ni kriketi, na mmoja wao aliyekuwa akiupenda mchezo huo akaniletea kiti na chai.

Lakini nilikuwa nakuambia habari ya Garside. Ilifika siku nikiwa na timu yangu mpya tukacheza na ile ya zamani, uwanjani kwao. Wakati wa chakula cha mchana rafiki zangu wa zamani wakaninong'oneza kwamba Wilf yuko pabaya. Wamepata kijana anayepiga vizuri kuliko yeye, na wakubwa wamemwambia kwamba asipokaa na gongo mchana huo na kuiokoa mechi, kijana ndiye atakayevaa glavu wiki ijayo. Chakula kikanishinda. Nikatoka nje nikazunguka uwanja nikijiambia haya si yangu, na nikijua ni yangu.

Akaja kupiga. Alinipita bila salamu, akajipanga, nami nimechutama nyuma yake karibu kabisa, naona mshono wa kola yake. Mrushaji wetu alikuwa wa polepole, mzee mwenye hila. Mpigaji ana mstari wake ardhini. Akitoka nje ya mstari akakosa mpira, mlinda wiketi akiudaka na kuvigonga vijiti kabla hajarudi, ametolewa. Garside akakaa muda mrefu, akipiga kwa subira, na mimi moyo wangu wote ukawa upande wake. Nilikuwa nadaka upande mmoja na kuomba upande mwingine.

Ndipo mzee wetu akarusha mmoja uliodanganya. Garside akatoka mbele kuufuata, ukakataa kupanda, ukateleza chini ya gongo lake karibu na nyasi. Mtu aliyeinuka mapema asingeuona tena. Na mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kuinuka. Nani angejua? Wangesema ulikuwa mpira mgumu. Moyo ulikuwa bado unajadiliana nilipoona mikono yangu imeshadaka na vijiti vimeshaanguka.

Garside hakumtazama mwamuzi. Aligeuka akaangalia magoti yangu, yalivyokuwa bado yamekunjwa. "Umekaa chini," akasema. Akaliweka gongo kwapani akaondoka.

Jioni nilimfuata katika chumba chao nikamkuta akifungua mikanda ya kinga za miguu. Nikamwomba msamaha. Akanitazama kwa hasira ambayo hakuwahi kunionyesha hata nilipokuwa nikimwombea avunjike.

"Ukisema neno hilo tena nitakupiga na hili gongo, maana mpira limeshindwa kuupiga," akasema. "Ungeuachia kwa kunihurumia ningejua. Sisi tunajua. Ningekwenda nyumbani nikiwa nimeshindwa mara mbili, na gongo langu na mwanafunzi wangu. Kijana, leo nimetolewa na kazi yangu mwenyewe. Unafikiri wangapi hupata bahati hiyo?"

Hakucheza tena. Wiki iliyofuata yule kijana mwingine alivaa glavu, na nikasikia kwamba Garside alikuwa akifika uwanjani kabla ya watu wote, nyuma ya banda, akimtupia mipira. Alifariki mimi nikiwa nimesharudi Nairobi nina mke na watoto. Asante sikuwahi kumpa kwa mdomo wangu, na hilo linaniuma kuliko vidole. Nakuambia wazi kwa sababu nimechoka kulibeba kimyakimya.

Sasa nisikilize, Kevin. Sikuahidi kwamba ukimfundisha Ssali utabaki na nafasi yako. Huenda Imran akamchukua yeye. Huenda ofisi akaipata yeye, nawe ukarudi getini, nami nitakaa na wewe siku hiyo. Lakini hapa Doha hakuna asiyetolewa. Sote tunakaa kwa kadi yenye tarehe ya mwisho, daktari na mfagizi, na siku moja mwingine atasimama kwenye geti lako na redio yako. Hilo hatuna uwezo nalo. Tulilonalo ni huyo atakayekuja, tumwache na nini mikononi. Binti yangu anasema hata wodini kwao kuna wauguzi wanaofundisha wageni na kuna wanaoficha, na wagonjwa wanawajua wote kwa majina.

Anayeficha kazi huwa anafikiri anailinda. Ninachokijua mimi ni kwamba aliyeficha aliishia kubeba glavu zake nyumbani, na hata Garside aliyekaa naye miaka hakukumbuka kunitajia jina lake. Cheo ni dhamana, na ujuzi ni dhamana kuliko cheo. Wewe ulipewa bure na mzee mwenye kelele anayekuja uwanjani na chupa ya chai. Toa bure. Ijumaa hii mchukue Ssali kabla ya wenzenu kufika, mtafutie ukuta, umwambie magoti yake yako wapi. Ukimwambia ya kwake utayasikia na ya kwako, maana nawe siku hizi umeanza kuinuka, nimekuona. Na siku mtakayokutana yeye upande huu na wewe upande ule, mwambie mapema kwamba hutaki huruma yake.

Mungu akulindie mikono hiyo, mwanangu. Ayape magoti yako nguvu ya kungoja. Akufikishe nyumbani kwa mama yako ukiwa mzima, na huyo Ssali kwa mama yake. Na siku yako ya kutolewa ikifika, nayo itafika, akujalie utolewe na mtu uliyemfundisha wewe, umpite umeinua kichwa, na yeye abaki nyuma akijua wewe ni nani.